Pwani ya Kenya: yasemwayo na yaliyopo

Mtanzania akisikia "Mkoa wa Pwani" anawaza Kibaha, Rufiji na Mafia. Mkenya anawaza Mombasa, kisha anasita. Maneno haya ni ya huyo wa pili. Mkoa wetu wa Pwani uliondoka na Katiba ya 2010, na tangu uchaguzi wa Machi 2013 mahali pake pana kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Jina limebaki vinywani, na pamoja nalo yamebaki mambo mengi ambayo ukiyapima hayasimami. Karibu yote yana mzizi mmoja: watu huitazama Pwani wakiwa ufuoni, bara wameipa kisogo.

"Pwani ni bahari na minazi"

Waulize watu wa Taita Taveta. Kaunti yao ni nambari 006, ya Pwani kabisa, na haina hata hatua moja ya mchanga wa bahari. Ina vilima ambavyo kilele chake, Vuria, kinapita mita 2,200, na asubuhi ya Julai pale Wundanyi utatafuta sweta. Zaidi ya nusu ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, kwa hiyo mkulima wa huko anagombana na ndovu, wala si na mawimbi. (Ndugu zetu wa Tanzania wasicheke sana: Kibaha, makao makuu ya Mkoa wao wa Pwani, nayo haina bahari.)

Tana River inayo bahari, lakini ni ukingo tu. Kaunti hiyo ina takriban kilomita za mraba 38,000, karibu nusu ya ardhi yote ya mkoa wa zamani, na sehemu kubwa ni nyika ya malisho. Makao yake makuu, Hola, yako kando ya mto, mbali na ufuo. Mikoko na nyavu utazikuta huko chini kwenye delta, mto unakoingia baharini karibu na Kipini.

Mkanda wa minazi ni mwembamba. Ukitoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi, ukishaipita Mariakani, minazi inakuaga na miiba inakupokea. Mvua hupungua kadiri unavyoiacha bahari, na hupungua pia kadiri unavyoelekea kaskazini. Ndiyo maana vuli ikikataa, wa kwanza kutajwa kwenye habari za njaa ni Ganze, Magarini na Kinango, sehemu za kaunti zilezile ambazo picha zake za utalii ni Watamu na Diani.

Hapo pana kosa jingine, la mafuriko. Mtu wa mbali akiona nyumba za Garsen, huko Tana River, zimezama hudhani Pwani imenyeshewa kupita kiasi. Mara nyingi hapo Garsen hakujanyesha lolote la maana. Mto Tana hukusanya maji ya Mlima Kenya na milima ya Aberdare, huyapitisha kwenye mabwawa matano ya umeme, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha huyaleta uwanda wa chini. Mabwawa yakijaa na kumwaga, Mpokomo aliyelima ukingoni hupoteza shamba chini ya jua kali. Mabwawa ni ya taifa, maji yamefika kwa kaunti.

"Mombasa ndiyo yenye watu wengi, na Mombasa ni kisiwa"

Sensa ya 2019 iliwapata Wapwani 4,329,474, kutoka 3,325,307 mwaka 2009. Milioni moja zaidi katika miaka kumi. Ni chini kidogo ya Mkenya mmoja kati ya kumi, kwenye ardhi ambayo ni kama sehemu moja ya saba ya nchi. Kaunti yenye watu wengi kati ya sita hizo ni Kilifi, 1,453,787. Mombasa ilikuwa na 1,208,333, Kwale 866,820, Taita Taveta 340,671, Tana River 315,943 na Lamu 143,920. Kilifi iliongoza hata katika sensa ya 2009, ila habari hiyo haijafika Nairobi.

Kinachoikuza Mombasa machoni ni msongamano. Watu zaidi ya 5,000 kwa kila kilomita ya mraba, wakati Tana River ni wanane. Na kisiwa chenyewe? Kisiwa ni eneo bunge moja tu, Mvita, na mwaka 2019 kilikuwa na wakazi 154,171, yaani karibu mmoja kati ya kila wanane wa kaunti. Waliobaki wako ng'ambo: Kisauni na Nyali, Likoni, Changamwe na Jomvu. Uwanja wa ndege uko upande wa bara, kituo cha reli ya kisasa kiko Miritini, bara vilevile. Kila asubuhi wa ng'ambo humiminika kisiwani kwa Daraja la Nyali, kwa barabara ya Makupa au kwa feri ya Likoni, na jioni wanarudi. Kisiwa ni mahali pa kazi; kulala, watu hulala kwingine.

Wengine hulala hata nje ya kaunti. Mtwapa, ambayo kila mgeni huiita Mombasa, iko Kilifi. Ukivuka daraja la mlango wa bahari pale, umeshatoka kwa gavana mmoja umeingia kwa mwingine. Diani nayo ni Kwale. Mtu wa Nairobi atakwambia "nimeenda Mombasa" na miguu yake haikukanyaga Mombasa ila kusubiri feri.

Lamu ina msiba huohuo wa kuitwa kisiwa. Visiwa vipo, Lamu, Manda, Pate, Kiwayu na vinginevyo, lakini ardhi kubwa ya kaunti iko bara: Witu, Mpeketoni, Hindi. Hata bandari mpya, iliyopokea meli ya kwanza Mei 2021, haiko Mji wa Kale. Iko Kililana, bara.

"Mpwani ni Mswahili, na Mswahili ni Muislamu"

Waswahili wenyewe, wa Mvita, Amu (Lamu), Pate, Vumba na Wabajuni, ni wachache kwa hesabu kuliko sauti yao katika historia ilivyo kubwa. Wengi wa Pwani ni Mijikenda: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Wachonyi, Warabai, Wakauma, Wajibana, Wakambe na Waribe. Wataita, Wataveta, Wapokomo, Waorma, Wawardei, Waboni na Wawaata wana lugha zao pia. Kiswahili kinawaunganisha, lakini mama mzee wa Bamba anamwimbia mjukuu kwa Kigiriama.

Kwa dini, Kilifi na Taita Taveta zina Wakristo wengi kuliko Waislamu. Rabai, huko Kilifi, ilipata kituo cha wamishonari, cha Krapf na Rebmann, tangu 1846, kabla ya reli, kabla ya Nairobi kuwapo. Kwale, Lamu na Tana River zina Waislamu wengi. Na kaya za Mijikenda, misitu mitakatifu iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2008, bado zina wazee wanaozitunza.

Wapo pia Wapwani ambao hadi juzi karatasi hazikuwatambua. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017. Wapemba wa Kwale na Kilifi walingoja mpaka 2023. Mtu alizaliwa Shimoni, akavua samaki maisha yake yote, na hakuwa na kitambulisho.

"Gavana ndiye Mkuu wa Mkoa wa siku hizi"

Hapa ndipo watu wanapopoteza nauli wakigonga ofisi isiyohusika. Mkuu wa Mkoa alikuwa mtu wa Rais, aliteuliwa, akashika usalama na utawala wa mkoa mzima. Gavana huchaguliwa, na mipaka yake ni kaunti moja. Hakuna gavana wa Pwani. Jumuiya ya Kaunti za Pwani huwakutanisha sita hao kwa mipango ya uchumi, lakini haitungi sheria wala haitozi kodi.

Ule mkono wa zamani wa serikali haukukatwa, umebadilishwa jina tu. Kila kaunti ina kamishna wa serikali ya kitaifa, na chini yake wapo manaibu, machifu na manaibu wa chifu. Chifu wako haripoti kwa gavana kwa lolote. Polisi ni wa taifa, shule za msingi na za upili ni za taifa. Kaunti imepewa zahanati na hospitali, chekechea, kilimo, masoko, barabara zake na usambazaji wa maji. Hospitali kuu ya Makadara mjini Mombasa iko chini ya kaunti, ingawa wagonjwa hutoka kaunti zote sita.

Kwa hiyo darasa la chekechea likivuja, mwone mwakilishi wa wadi. La msingi jirani likivuja, mwone mbunge. Paa zenyewe hupakana. Wadi za Pwani ni 130, maeneo bunge ni 26.

"Mombasa inanenepa kwa bandari"

Ingekuwa hivyo, mitaro ya Mombasa ingekuwa imezibuliwa. Bandari ya Kilindini ni ya mamlaka ya kitaifa, na ushuru wa makontena huingia hazina ya Nairobi. Hata feri ya Likoni, ambayo abiria wake wengi ni wa hapohapo, iliwekwa chini ya mamlaka hiyo ya bandari mwaka 2021. Kaunti hupata mgao wake kwa fomula inayoamuliwa na Seneti, na Katiba inasema kaunti zote 47 kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kilichobaki kaunti hujikusanyia yenyewe: maegesho, leseni za biashara, kodi za viwanja, ada za soko. Malori hupita na mali, kaunti hubaki na vumbi.

Na Mombasa haijitoshelezi hata kwa maji. Kinachotoka bombani, siku kinapotoka, kimetoka chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, au Baricho kando ya mto Sabaki huko Kilifi, au chemchemi ya Marere na visima vya Tiwi, Kwale. Wenyeji wa vyanzo hivyo wana malalamiko ya miaka mingi: bomba linapita kando ya boma, na ndoo inajazwa mtoni. Mimi nawaunga mkono, ingawa nimeoga maji hayo.

"Wapwani walilala, ardhi ikauzwa"

Hii ndiyo inayoniudhi. Mkanda wa maili kumi, kama kilomita 16 kutoka baharini, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 Waingereza walichukua utawala wake kwa kumlipa kila mwaka. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hatimiliki: mwenye ardhi ndani ya mkanda alete madai, na isiyodaiwa iwe ya serikali ya Kiingereza. Aliyekuwa na karatasi na wakili alidai. Mgiriama aliyelima kwa kuhamahama, ambaye ardhi kwake ilikuwa ya ukoo, hakuwa na cha kuonyesha. Wajukuu wake wakawa maskwota kwenye mashamba ya watu wasiowahi kuwaona.

Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walikubaliana mkanda huo uwe sehemu ya Kenya. Sharti mojawapo lilikuwa kwamba hatimiliki zilizokwisha sajiliwa zitambuliwe daima. Jingine, kwamba Mahakama za Kadhi zibaki. Kadhi leo yuko hata nje ya Pwani. Na zile hatimiliki nazo zilibaki.

Kutokana na hayo ukazuka uvumi kwamba Pwani ilikodishwa kwa miaka 50, ikamalizika 2013. Makubaliano ya 1963 hayakuwa ya kukodi, Sultani aliiachia. Tena mkanda haukuwahi kuwa Pwani yote: Kinango ya ndani, Ganze, Taita na sehemu kubwa ya Tana River vilikuwa nje yake. Na ukimwendea gavana akupe hatimiliki, atakuahidi, hasa mwaka wa kura, lakini kazi hiyo ni ya wizara ya ardhi ya serikali ya kitaifa.

Mipaka ya kaunti zenyewe haijatulia. Mgogoro wa kaunti mbili za Pwani uliosikika zaidi ni wa Kwale na Taita Taveta, kuhusu nani atoze ada za biashara Mackinnon Road, mji wa malori kwenye barabara kuu ya Nairobi. Ukipanda juu ya paa refu kuliko yote mjini hapo, bahari huioni.