Mchanga ulio chini ya Maonyesho ya 1915

Mwaka 2015 San Francisco iliadhimisha miaka 100 ya maonyesho yake ya dunia. Mnara wa Ferry Building uliwekwa taa zilizoandika "1915", na sherehe zikafanyika Palace of Fine Arts, jumba la maonyesho hayo lililobakizwa pale pale, kando ya bwawa. Mimi ni mhandisi wa udongo. Kila yakitajwa maonyesho hayo, mawazo yangu hushuka kwenye ardhi iliyoyabeba.

Mji uliteketea mwaka 1906 kwa tetemeko na moto. Miaka 9 baadaye ukawaalika walimwengu kuja kusherehekea Mfereji wa Panama, wakaja zaidi ya milioni 18. Lakini sehemu ya uwanja ilikuwa bahari! Mwaka 1912 mashine zilinyonya mchanga na tope kutoka chini ya ghuba, zikavimwaga kwa mabomba nyuma ya ukuta wa bahari mpaka pakawa nchi kavu. Majumba ya mbao na plasta yalikusudiwa kusimama miezi tu, na kwa kazi hiyo ardhi ile ilifaa. Kosa lilikuja baadaye: yalipobomolewa, juu ya mchanga uleule zikajengwa nyumba za kuishi. Ndio mtaa wa Marina.

Mchanga uliomwagwa na maji haushikamani. Punje huegemeana kidogo tu, na nafasi kati yake zimejaa maji. Nenda ufukweni maji yakipwa, ukanyagekanyage mahali pamoja penye mchanga uliolowa: maji yatapanda, miguu itazama. Tetemeko hufanya hivyo kwa mtaa mzima. Punje zinataka kubanana, maji yaliyo kati yake hayana pa kukimbilia, yanaubeba uzito wao, na ardhi inageuka uji.

Ilikuwa hivyo tarehe 17 Oktoba 1989. Kitovu cha tetemeko la Loma Prieta, lenye ukubwa wa 6.9, kilikuwa mbali, karibu kilomita 100, na mitaa iliyo juu ya mwamba ilisalimika. Marina nyumba zilianguka na watu wakafa. Mabomba ya gesi na ya maji yalikatika, moto ukawaka, ikabidi boti ya zimamoto Phoenix isukume maji ya ghuba hadi mitaani.

Hata nguzo za Palace si zile za mwanzo. Zilijengwa upya kwa zege kuanzia 1964. Mitaa michache mashariki yake, chini ya lami na vyumba vya watu, mchanga wa 1912 bado upo, na bado umelowa.