Mrabaha ni nini kwa kijana aliyebuni mashine

Neno mrabaha tumelizoea kwenye habari za wanamuziki na za madini. Kwa mbunifu wa mashine, ni fedha anayolipwa kila inapouzwa mashine iliyotengenezwa na mtu mwingine kwa kutumia ubunifu wake, kwa ruhusa ya maandishi. Ubunifu unabaki mali yake. Mwenye karakana amepewa ruhusa ya kuutumia tu.

Tuchukue mbuzi ya umeme, yaani mashine ya kukunia nazi, inayoweza kuundwa uani Ngamiani, Tanga: mota ya nusu hospawa yenye mizunguko kama 1,400 kwa dakika, puli ya inchi 3 kwenye mota na ya inchi 6 kwenye shafti ili mwendo ushuke hadi 700, beringi mbili, na kichwa cha kukunia cha chuma kisichoshika kutu. Bila kupunguza mwendo, nazi iliyokunwa hutapakaa na kifuu humchomoka mtu mkononi. Lakini mashine za kukuna nazi zipo siku nyingi, hivyo kijana hawezi kudai kwamba yake ni mpya kwa sababu tu inakuna. Jipya huwa sehemu ndogo, mfano kizuizi cha kuzuia majimaji ya nazi yasipenye kwenye beringi na kuiozesha kwa kutu. Anachokitolea ruhusa ni kizuizi hicho.

Ruhusa ina nguvu zaidi kukiwa na hataza, yaani haki iliyosajiliwa ya kuwazuia wengine kutumia ubunifu wako bila ruhusa. Kwa Tanzania Bara huombwa BRELA, Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, hudumu miaka 10 tangu kuomba, na huweza kuongezwa miaka 5 mara mbili. Haivuki bahari: Pemba iko jirani kabisa na Tanga, lakini Zanzibar ina sheria na msajili wake. Maombi yatangulie maonyesho na video za mtandaoni, maana kilichokwisha kuonekana hadharani kinaweza kukataliwa kuwa kipya. Fundi atakayeonyeshwa kabla ya hapo atie saini kwanza mkataba wa kutunza siri.

Sasa hesabu. Tuseme karakana inauza mashine kwa shilingi 250,000 na mmekubaliana asilimia 5. Kila mashine inakupa 12,500. Zikiuzwa 40 kwa mwaka, ni 500,000. Swali la kuuliza kabla ya kusaini ni hili: asilimia 5 ya nini? Iandikwe ya bei ya kuuzia. Ikiandikwa ya faida, mwenye karakana atatoa kodi ya pango, umeme, vibarua na usafiri, na mwisho wa mwaka utaonyeshwa daftari lisilo na faida hata senti. Hapa ndipo vijana wengi wanapoumia, na wanaumia kihalali kabisa, kwa saini yao wenyewe.

Jambo la pili ni kuhesabu. Kila mashine igongwe namba kwenye kibati, na mkataba ukupe haki ya kukagua daftari la mauzo kila miezi 3. Weka pia kima cha chini cha mwaka, tuseme 200,000, kilipwe hata kama hakuna mashine iliyouzwa. Bila hicho karakana yaweza kuufungia ubunifu wako kabatini, nawe umefungwa usimpe mwingine. Muda na eneo vitajwe. Aliye chini ya miaka 18 asisaini mwenyewe; mzazi au mlezi asimame naye mbele ya mwanasheria.

Mrabaha haufai kila mahali. Kama mashine zitakazouzwa hazifiki hata 10 kwa mwaka, kwa bei ile utapata chini ya 125,000, pengine isitoshe hata gharama za mwanasheria. Hapo ni afadhali kukaa na mashine yako karibu na soko la Mgandini ukakuna kwa malipo: nazi 100 kwa siku, kwa mfano wa shilingi 100 kila moja, ni 10,000 kabla ya kutoa umeme, na beringi ikianza kulia unaisikia mwenyewe siku hiyo hiyo.