Spaini na lifu: hesabu za poti, BGP na hitilafu zinazojificha

Katika mtandao wa zamani wa ngazi tatu wa kituo cha data, itifaki ya Spanning Tree huzima njia za ziada ili pakiti zisizunguke bila mwisho. Kebo imenunuliwa, imelazwa, na haipitishi kitu. Spaini na lifu (spine-leaf), mpangilio wa swichi wa ngazi mbili, huondoa hasara hiyo. Kila lifu, ile swichi ya kwenye raki inayopokea seva, huunganishwa na kila spaini, swichi ya juu inayounganisha raki, na spaini haziunganishwi zenyewe kwa zenyewe. Kutoka raki yoyote hadi nyingine pakiti hupita swichi tatu tu. Msingi wake ni hesabu aliyoichapisha Charles Clos wa Bell Labs mwaka 1953, kwa ajili ya mitambo ya simu.

Tuchukue lifu 16 na spaini 4: kebo za kupanda ni 64. Ukitumia /31 (kundi la anwani mbili za IP) kwa kila kebo, unahitaji anwani 128, yaani /25 moja kamili. Kila lifu ina poti 48 za gigabiti 25 kwa seva, jumla 1,200, na poti 4 za gigabiti 100 kwenda juu, jumla 400. Uwiano wa uwezo wa upande wa seva na ule wa kupanda ni 3 kwa 1. Kwa wavuti na hifadhidata za kawaida unatosha. Kwa mafunzo ya akili mnemba singeukubali, huko lenga 1 kwa 1. Spaini moja ikizimika zinabaki 300, na uwiano unakuwa 4 kwa 1. Nunua vifaa kwa hesabu hii ya pili, maana kila unaposasisha programu ya spaini utailazimisha itoke kazini.

Kwa uelekezaji napendelea eBGP, yaani itifaki ya BGP ya kubadilishana njia kati ya vifaa vyenye namba tofauti za AS, kama inavyoelezwa kwenye waraka wa RFC 7938. Spaini zote hupewa namba moja ya AS (utambulisho wa mtandao katika BGP), na kila lifu ya kwake. Njia ikitaka kushuka kwenye lifu na kupanda tena spaini nyingine, spaini inaiona namba yake mwenyewe na kuikataa. Washa multipath (kutumia njia kadhaa zilizo sawa kwa pamoja), la sivyo BGP itachagua njia moja na kebo tatu zitakaa bure. Seva ikiunganishwa na lifu mbili zenye AS tofauti, ongeza multipath-relax, inayoruhusu njia zenye AS tofauti zitumike pamoja.

Hitilafu inayosumbua kuliko zote ni kebo iliyo hai lakini mbovu. ECMP, mbinu ya kugawa mikondo kwenye njia zilizo sawa, hukokotoa anwani mbili (ya mtumaji na ya mpokeaji), itifaki na namba za poti za TCP, kisha huufunga mkondo mzima kwenye kebo moja. Kichwa cha fiba kikiwa na uchafu, takriban robo ya mikondo ya lifu ile itasuasua na mingine itakwenda vizuri. BGP haianguki, kwa kuwa TCP inayoibeba inarudia kutuma kilichopotea. Ping nayo inaweza kudanganya: kati ya anwani zilezile mbili, mara nyingi hupita kebo ileile, ambayo huenda ni nzima. Soma kaunta za CRC (hesabu ya fremu zilizoharibika) kwenye kila poti. Hupanda upande unaopokea, lakini swichi za cut-through, zinazoanza kutuma fremu kabla haijafika yote, hupitisha fremu mbovu hadi mbele, hivyo fuata nyayo ukirudi nyuma mpaka poti ya kwanza iliyohesabu kosa. Ondoa kebo hiyo kwenye BGP kwanza, ndipo usafishe vichwa vyote viwili na kupima nguvu ya mwanga.

Ukiendesha VXLAN, inayofungasha fremu ndani ya pakiti za IP, kumbuka baiti 50 za ziada. Seva yenye MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 9000 inahitaji angalau 9050 njiani. Mimi huweka 9216 kwenye poti zote kati ya lifu na spaini. Poti moja ikisahaulika kwenye 1500, SSH inaweza kuingia, kisha faili kubwa ikaganda. Pima kutoka seva hadi seva kwa `ping -M do -s 8972`, ukibadilisha anwani mpaka kebo zote nne ziguswe.