Chini ya London: dhana potofu kuhusu mji wa Warumi, na ukweli wake

Taja Warumi na uchimbaji, na watu wengi watafikiria dhahabu, sanamu na nguzo za marumaru. London, iliyoanzishwa na Warumi karibu mwaka 50 BK kwa jina la Londinium, ina vitu vya namna hiyo, ila ni vichache. Kazi kubwa ya wanaakiolojia wake imekuwa kusoma matope.

Dhana: Wachimbaji wanatafuta hazina

Kati ya 2010 na 2014, kabla ya kampuni ya Bloomberg kujenga ofisi zake katikati ya mji, wachimbaji waliteremka kwenye bonde la Walbrook, kijito kilichofukiwa zamani. Udongo wa pale umelowa tangu enzi za Warumi. Hewa haipenyi, kwa hiyo hata mbao na ngozi hazikuoza. Vilitolewa vitu zaidi ya 14,000, na vilivyowasisimua wataalamu kuliko vyote ni vibao 405 vya kuandikia.

Kibao cha aina hii kilichongwa kikaachiwa ukingo pembeni, katikati kikapakwa nta, na mwandishi akachora herufi kwa kalamu ya chuma. Nta imekwisha kupotea. Kilichobaki ni mikwaruzo tu, pale kalamu ilipozama hadi kwenye mbao, na mtaalamu Roger Tomlin ndiye aliyekaa nayo akiisoma. Kibao kimoja kina tarehe ya Januari 8, mwaka 57. Tibullus, mtumwa aliyeachwa huru na Venustus, anakiri kwamba anadaiwa na Gratus dinari 105, bei ya bidhaa zilizouzwa na kukabidhiwa. Mji haujatimiza miaka kumi na watu tayari wanaandikishana madeni! Chungu cha sarafu za dhahabu kisingetuambia hilo.

Dhana: Warumi walijenga kila kitu kwa mawe

Nyumba nyingi za Londinium ya mwanzo zilikuwa za mbao na fito, zikakandikwa udongo. Malkia Boudica wa kabila la Iceni, aliyewaasi Warumi, alipouteketeza mji mwaka 60 au 61, udongo wa kuta hizo uliiva kwa moto ukawa mwekundu, na wekundu huo ungali pale. Mchimbaji akikuta utepe wa udongo ulioungua katikati ya tabaka za mwanzo, kwa kawaida anajua amefika kwa Boudica: kilicho chini yake kilitangulia moto, kilicho juu kilifuata. Ukuta mkubwa wa mawe kuzunguka mji ulikuja karibu mwaka 200, na mawe yake yaliletwa kwa vyombo vya majini kutoka Kent, kusini-mashariki mwa England.

Dhana: Mabaki yakionekana, ujenzi unasimama

Ni nadra. Tangu 1990 utaratibu wa mipango miji nchini England umemtaka mwenye mradi agharimie uchimbaji. Wanaakiolojia wanapewa muda wao, wanapima, wanapiga picha, wanaondoka, na jengo linapanda. Hata hekalu la mungu Mithras, lililogunduliwa hapohapo Walbrook mwaka 1954 na kuvuta foleni za maelfu ya watu, halikuzuia ofisi kujengwa. Mawe yake yalihamishwa.

Dhana: Warumi walipoondoka, mji ukafa

Hii ndiyo yenye utamu, kwa sababu nusu yake ni kweli. Utawala wa Kirumi ulikoma karibu mwaka 410, na juu ya tabaka zake mara nyingi kuna udongo mweusi mzito. Zamani ulichukuliwa kuwa ushahidi wa magofu na pori. Walipoukata vipande vyembamba na kuviweka chini ya hadubini, wataalamu waliona majivu, mkaa, mifupa na mabaki ya kuta za udongo zilizooza, vyote vimevurugwa na minyoo. Isitoshe, sehemu nyingine udongo huo ulianza kujikusanya Warumi wakiwa bado wapo.

Hata hivyo, ndani ya ukuta watu walipungua kweli. Mtawa Bede, aliyeandika karibu 731, aliisifu London kuwa soko la mataifa mengi yanayofika kwa nchi kavu na kwa bahari. Wachimbaji walitafuta soko hilo ndani ya ukuta, wakaambulia patupu. Mwaka 1984 wanaakiolojia Martin Biddle na Alan Vince, kila mmoja kivyake, walipendekeza jibu: mji wa wakati wa Bede ulikuwa nje ya ukuta, upande wa magharibi, ilipo leo mitaa ya Strand na Covent Garden. Mwaka uliofuata uchimbaji wa Covent Garden ukawathibitisha, na baadaye, chini ya jumba la Royal Opera House, zikatokea barabara ya kokoto, vichochoro, nyumba za mbao, vitu vya ufumaji na vyungu kutoka ng'ambo. Huo ndio mji wa Lundenwic. Bede hakutia chumvi. Waliokosea ni waliochagua pa kuchimba.

Mashambulizi ya Waviking, wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia, katika karne ya 9 yaliufanya mji huo usiokuwa na boma uwe mahali pa hatari, na mwaka 886 mfalme Alfred akaurudisha rasmi ndani ya ukuta wa Warumi.

Ukiwa London, hekalu la Mithras limerudishwa karibu na lilipogunduliwa, chini ya jengo la Bloomberg, na kuingia ni bure. Uwanja wa michezo wa Warumi, uliopatikana mwaka 1988, uko chini ya Guildhall, jumba la kale la serikali ya mji. Lundenwic haikuachiwa hata ukuta mmoja wa kutazama, na kwa maoni yangu ndiyo sababu wageni wengi wanaendelea kuamini kwamba baada ya Warumi hapakuwa na kitu.