Picha yenye pikseli 72 kwa inchi inachapika vizuri tu
Wapiga picha wanaoandaa potifolio bado wanaambiwa kuwa faili la picha lililoandikwa pikseli (vitone vinavyounda picha) 72 kwa inchi halifai kuchapwa mpaka ligeuzwe kuwa 300. Si kweli. Namba hiyo ni lebo tu iliyobandikwa kwenye faili, ikipendekeza picha itandazwe kwa upana gani kwenye karatasi.

Chukua picha ya uso yenye pikseli 3000 kwa 2400. Iandikwe 72 au 300, pikseli ni zilezile, na ukiichapa kwenye karatasi ya inchi 10 kwa 8 kila inchi itapata 300 kamili. Kama kamera ililenga macho sawasawa, kope zitahesabika moja moja. Hiyo 72 yenyewe inatokana na skrini za kompyuta za Macintosh za Apple za mwaka 1984.

Kinachoniuma ni kuona mtu akiilazimisha programu ibuni pikseli ambazo kamera haikuzinasa ili tu afikie 300, halafu ngozi ya uso inatoka kama nta. Gawanya idadi ya pikseli kwa inchi unazotaka. Ukipata 240, chapa bila wasiwasi. Ukipata 90, punguza ukubwa wa karatasi.