Uso wa fukusi wa mahindi

Fukusi huyu nilimtoa kwenye gunia la mahindi la mama, lililoletwa Goma kutoka Rutshuru. Kwa macho matupu ni kidoa cha milimita tatu. Kwenye picha niliyompiga, nikiifungua kwenye kompyuta, mwili wake umejaa vishimo, na usoni ana pua ndefu yenye meno nchani. Kwa pua hiyo jike hutoboa punje, hutaga yai ndani, kisha huziba tundu kwa ute wake. Nimemtazama mara nyingi na bado ananishangaza.

Watu huniuliza kamera ni ipi. Ni ya kawaida. Kazi yote ni ya lenzi ya hadubini ya 10x, niliyoifunga kwa pete mbele ya lenzi ya milimita 200. Kabla hujanunua, soma ubavuni: yenye alama ∞ lazima iwe na lenzi nyingine nyuma yake, iliyoandikwa 160 hutengeneza picha yenyewe, hiyo unaifunga kwenye bomba tupu.

Shida iko kwenye wembamba. Kwa lenzi yangu, yenye 0.25 (namba ya ubavuni inayoonyesha upana wa mwanga inaoupokea), sehemu inayotoka wazi ni mikroni 8 hivi, yaani elfu nane za milimita, na unywele wa mtu ni mnene kuliko hapo mara kadhaa. Ukilipata jicho, pua imepotea. Kwa hiyo nasogeza mikroni 6, napiga, nasogeza tena. Kichwa chenye kina cha milimita moja hunila picha 170 hivi, halafu programu inaziunganisha. Mwingereza Levon Biss, aliyeonyesha wadudu wake Oxford mwaka 2016, alifikisha picha 8,000 hivi kwa mdudu mmoja, maana kila kipande cha mwili alikiangaza peke yake.

Sasa fikiria mikroni 6 katika mji huu! Lori likipita, picha imeharibika. Nafanya kazi usiku, vyombo vyote juu ya bamba zito la jiwe la volkano, chini yake mipira ya ndani ya pikipiki iliyojazwa upepo nusu. Flashi naiweka nguvu ndogo kabisa, kwa sababu hapo mwanga wake huwa mfupi mno na mtikiso hauwahi kuonekana. Naikinga kwa karatasi nyeupe, la sivyo mgongo wa fukusi unameremeta ovyo. Vumbi letu jeusi nalitoa kwa brashi laini kabla ya yote; chembe moja ikibaki, kwenye picha ni jabali.

Mama alipoiona picha aliuliza macho yako wapi. Nikamwonyesha, pale pua inapoanzia. Kesho yake aliyaanika mahindi yote juani.