Panya walipona, watu je? Stori ya homoni na kichwa kilichogongwa

Juzi jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara, kaja na kipakiti cha vidonge mkononi. Mwanae alianguka na bodaboda akitokea Tandahimba, gunia la korosho nyuma, helmeti kaitundika kwenye usukani kama pambo. Alilazwa, akaruhusiwa, ila kichwa bado kinamuuma, anasahausahau, na amekuwa mkali hata kwa wadogo zake. Sasa kuna mtu kwenye duka la dawa kamuuzia mama deksa, yaani deksamethasoni, kamwambia hii inashusha uvimbe wa ubongo. Mama ananiuliza, mwanangu we si ndo ulisomea madawa, nimpe au nisimpe?

Nikamwambia mama usimpe, na mrudishe hospitali, akianza kutapika au kusinzia ovyo ndo usisubiri hata kupambazuke. Jibu fupi hilo. Kueleza kwa nini ndo ikawa stori ndefu, na nimeona niiandike maana ndani yake kuna panya, na huku kusini ukimtaja samaki nchanga, yaani panya wa kitoweo, kila mtu anavuta kigoda.

Mi masta yangu ilikuwa famakolojia, nikakaa na panya weupe wa maabara karibu miaka miwili, na kilichokuwa kinanilaza macho ni vipokezi vya homoni, wengine tunaviita risepta. Homoni ni kama barua tu, yenyewe haifanyi kitu. Hizi ninazozisema leo zinaingia ndani ya seli, barua inapokelewa na kipokezi chake, halafu kipokezi kinabeba barua mpaka kwenye kiini, huko ndo inaamuliwa jeni zipi zisomwe na zipi zifungwe. Kama barua kwa mtendaji wa kijiji, inasomwa kwanza, baadae ndo mbiu inalia, kwa hiyo matokeo mengi yanachukua masaa. Tatizo mbiu ikilia inasikika kijiji kizima. Kipokezi cha kotisoli, homoni ya mwili ya msongo, ambacho deksa inakishika kwa nguvu kuliko kotisoli yenyewe, kipo kwenye ubongo, ini, misuli, chembe za kinga, kote. Unataka kushusha uvimbe wa kichwani, umepandisha na sukari na umelaza kinga.

Na uvimbe sio mmoja bana. Ule unaozunguka saratani ya ubongo deksa inaushusha vizuri tu, ndo maana madaktari walidhani kichwa kilichogongwa nacho kitatii, wakatumia dawa za aina hiyo zaidi ya miaka 30. Likaja jaribio la CRASH, wagonjwa 10,008, nusu wakapewa methilprednisoloni, ambayo ni ndugu wa deksa, nusu dripu isiyo na dawa. Mwaka 2004 likasimamishwa kabla ya kufika mwisho. Ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 21.1 ya waliopewa dawa, na asilimia 17.9 ya wasiopewa. Yaani dawa iliyotumika kwa nia njema miaka yote hiyo ilikuwa inaongeza vifo, na kwa macho ya wodini hauwezi kuliona hilo, mgonjwa wa kichwa akifa unasema kichwa kilikuwa kibaya.

Sasa twende kwenye homoni iliyonivutia zaidi, projesteroni, ile ya mimba. Donald Stein, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Emory kule Marekani, aliona panya majike wanapona majeraha ya ubongo kuliko madume. Wengi wangepita tu, enzi hizo majike walikuwa wanakwepwa maabara kwa sababu mzunguko wao wa siku 4 au 5 eti unavuruga data. Yeye akafatilia. Panya wenye mimba ya uongo, ambao projesteroni yao iko juu, ubongo wao ulivimba kidogo sana. Akawapa na madume projesteroni, nao wakafaidika. Majaribio mawili madogo kwa watu yakaleta matumaini, moja la Marekani la watu 100 na moja la China la watu 159. Halafu yakaja makubwa mawili, ProTECT III yenye wagonjwa 882 na SYNAPSE yenye 1,195, matokeo yakatoka Desemba 2014: hakuna faida. Sifuri.

Watu wakasema panya wamedanganya. Mi nabisha, panya tulimuuliza swali jepesi. Ngoja niwaambie tunavyofanya. Panya analazwa usingizi, fuvu linafunguliwa kidogo, kipistoni kinashuka kwa kasi na kina ulichokipanga kwa milimita. Panya wote umri mmoja, chakula kimoja, dawa wengi wanapata mapema mno. Baadae unamtia kwenye beseni kubwa la maji yaliyotiwa ukungu, unapima sekunde anazotumia kukumbuka kijukwaa kilichofichwa chini ya maji kiko wapi. Safi kabisa. Linganisha na kijana wa bodaboda, huyu kanywa, yule kavuja damu njia nzima toka kijijini, mwingine kakosa hewa, dawa inamfikia masaa yameshapita.

Halafu ukubwa wenyewe. Ubongo wa panya ni gramu 2 hivi, punje moja nono ya korosho iliyobanguliwa, na ni laini hauna mikunjo. Wa mtu unafika gramu 1,300 au 1,400, na kichwa kikizungushwa ghafla ule uzito unajivuta wenyewe kwa ndani, nyuzi za neva zinakatika hata fuvu likiwa zima. Kipistoni cha maabara hakileti hiyo, ndo maana siku hizi wengine wanatumia nguruwe, ambaye ubongo wake una mikunjo.

Ila kazi ya panya haikupotea. Mwilini projesteroni inageuzwa kuwa alopregnanoloni, na hii haihangaiki na barua wala mtendaji, inagusa kipokezi kingine kabisa, GABA-A, kwenye ngozi ya seli ya neva na kuituliza papo hapo. Mwaka 2019 Marekani waliiruhusu kama dripu ya masaa 60 inayoitwa breksanoloni, sio kwa vichwa vilivyogongwa, kwa akina mama wenye sonona baada ya kujifungua. Nani angewaza?

Mama kanisikiliza mpaka mwisho, deksa akazirudisha kwenye pochi, akaahidi asubuhi wataenda hospitali. Akafika mlangoni akageuka.

"Sasa hao panya mkimaliza kuwapima mnawafanyaje?"

Nikamwambia tunawachoma.

"Mnawachoma halafu hamli?"